Masinki ya Wake Wawili

Mwenye nyumba alinisimamia na futi mkononi tangu asubuhi hadi adhuhuri. Mimi nimelala chali chini ya kabati la sinki, magoti yamekunjwa, vumbi la saruji limenijaa machoni, na Ramadhani imebakiza siku tatu iishe. Kila nilipopima, naye alipima. Kila nilipokata paipu aliokota kile kipande na kukilinganisha na cha upande wa pili.

"Fundi, hii ya kulia imezidi."

"Imezidi nini, mzee?"

"Kama nusu ya kidole."

Nikakata nusu ya kidole. Nilikuwa na kiu, mgongo unauma, na nimeshajifunza kwamba mtu akishika futi yake mwenyewe hakuna haja ya kubishana naye.

Nyumba yenyewe ilikuwa mpya, kando ya barabara ya kutoka Kibiti kwenda Ruaruke. Mwenye nyumba alikuwa mkulima wa korosho na ufuta, mtu mzima wa miaka kama sitini na tano, mwenye wake wawili. Miaka yote kila mke alikuwa na nyumba yake, na yeye anazunguka huku na huku na baiskeli, taulo begani. Sasa kachoka kuzunguka. Akaamua kujenga nyumba moja yenye vyumba viwili vinavyofanana, na katikati bafu moja lenye milango miwili, kila mke anaingilia kwake. Vitanda alinunua viwili, makabati mawili, mapazia jora moja ili rangi isipishane. Bafu ndilo lililomsumbua, mpaka siku alipokwenda Dar es Salaam kutibiwa macho, akalala kwenye nyumba ya wageni na kuona kabati moja lenye masinki mawili ya kunawia, bega kwa bega. Alirudi na lake kwenye roli la mbao, limefungwa blanketi.

"Dini inataka uadilifu, fundi," aliniambia siku ya kwanza, na akanirudia hivyo kila siku. "Mimi nitaulizwa."

Maji ya masinki hakutaka yakutane na ya chooni. Hilo nilikubali bila neno, kwa kuwa huku kwetu karibu kila mtu anataka hivyo: maji ya udhu yana njia yake, yanakwenda migombani, na ya choo yanakwenda karoni. Tatizo lilikuwa ukutani. Nyuma ya kabati kuna nguzo ya zege, nafasi ya kupitisha paipu ya kushuka ni moja tu, na yeye hataki tailizi zake zivunjwe. Kwa hiyo masinki mawili lazima yaingie kwenye paipu moja.

Nilimwambia tuingize moja juu na lingine chini yake kidogo. Akaniangalia kama nimemtukana.

"Nani awe juu?"

"Mzee, hii ni paipu tu."

"Nani awe juu, fundi?"

Basi nikatia krosi. Hicho ni kiungo cha njia nne, kama msalaba: paipu inapita katikati kutoka juu kwenda chini, na mikono miwili inatazamana, kushoto na kulia, kimo kimoja. Mke huyu mkono huu, mke yule mkono ule. Alipoiona alifurahi kweli, akapitisha futi mara ya mwisho na kusema alhamdulillahi. Nilimwambia pia kwamba pale juu inatakiwa paipu ya hewa, ipande hadi nje ya paa, ili maji yakishuka yapate pumzi na yasivutane. Akasema bati lake jipya halitobolewi, hajajenga mgahawa atoe bomba la moshi. Nikaziba ile njia ya juu kwa kifuniko, nikapaka gundi, nikaenda zangu kusubiri futari.

Nisijisafishe. Nilijua. Fundi aliyenifundisha kazi hii Dar es Salaam, ujanani mwangu, aliniambia mara nyingi kwamba mikono miwili ya maji machafu haitazamani, na kwamba paipu isiyopumua itakuaibisha. Nilijua, na nikafanya, kwa sababu nilikuwa na njaa na mtu ananisimamia na futi. Katika umri wangu makosa mengi ya kazi hayatoki kwenye kutojua. Yanatoka kwenye kuchoka.

Miezi miwili baadaye simu yake ikaniita. Hakusalimia vizuri.

"Njoo uone ulichonifanyia nyumbani kwangu."

Nilifika saa nne asubuhi. Bi mdogo alikuwa uani anachambua mchele, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, macho mekundu. Aliniamkia shikamoo kwa sauti ya chini na hakuinua uso. Bi mkubwa alinipokea mwenyewe, mwanamke wa rika langu, mrefu, mtulivu, aliyejitanda ushungi mweusi. Hakuniuliza habari za nyumbani. Alinipeleka moja kwa moja bafuni.

"Tazama," alisema.

Ndani ya sinki lake kulikuwa na maji ya rangi ya kutu, yametuama vidole vitatu, na nywele mbili zinaelea. Sinki la mwenzake kavu, safi, linang'aa.

"Hina hiyo. Mimi sijapaka hina tangu mwaka juzi. Mwenzangu ananawa kwake, uchafu wake unanipandia mimi. N'naamka alfajiri nitie udhu, n'nakuta povu la dawa ya meno ya mtu. N'nafungua maji, yananirukia usoni. Udhu gani huo, fundi?"

Kutoka uani bi mdogo akasema, "Dada, wallahi si mimi. Mimi n'nanawa tu."

"Anajua anachofanya," bi mkubwa alisema, bila kugeuka.

Mume alinivuta barazani. Hapo nikaelewa kwa nini simu yake ilikuwa kali. Bi mkubwa alikuwa amewaita kaka zake wawili kutoka Mtunda. Watakuja Ijumaa, baada ya swala, kusikiliza. Kesi yake ni kwamba mke mdogo anammwagia uchafu kwa makusudi na mume anaona na kunyamaza, na kwa hiyo anaomba arudishwe kwao. Alikuwa ametimiza miaka thelathini na moja ndani ya ndoa ile. Watoto wote ni wakubwa, wako mbali.

"Wakikuta maji yanapanda watamchukua," mzee alisema. "Na hata mimi ningekuwa kaka yake ningemchukua. Fundi, leo Jumanne. Nifanyie ninavyokuomba."

Nilimwonea huruma. Nilijionea huruma na mimi pia, kwa maana sifa ya fundi hapa kwetu husafiri haraka kuliko pikipiki, na fundi aliyevunja ndoa kwa sinki atachekwa hadi Ndundu. Lakini zaidi ya yote nilitaka yule mama asitoke kwenye nyumba yake kwa kosa langu mimi. Hilo ndilo lililoniingiza tena chini ya kabati, magoti yakilia.

Sikuhitaji muda mrefu. Nilimwomba bi mdogo ajaze sinki lake maji, ayatie bluu ya kufulia, halafu achomoe kizibo. Alichomoa. Maji yakashuka kwa nguvu, yakafika kwenye krosi, na badala ya kukata kona na kushuka yakavuka moja kwa moja, yakaingia mkono wa pili na kupanda; ya bi mkubwa, machache ya udhu, hayakuwa na nguvu hiyo. Nilisikia paipu inakoroma, inatafuta hewa isiyokuwepo. Nilipotoa kichwa na kutazama juu, sinki la bi mkubwa lilikuwa linabubujika bluu.

Bi mdogo alikaa sakafuni akaanza kulia.

"Unaona? Mimi si mchawi," alisema.

"Hapana, mwanangu. Hili ni langu."

Bi mkubwa alikuwa kwenye mlango wa chumba chake. Aliiona ile bluu kama tulivyoiona sisi. Aliingia ndani na kufunga mlango polepole.

Safari hii sikumruhusu mzee aingie na futi. Nilimwambia wazi kwamba paipu mbili hazitawekwa kimo kimoja tena, moja itakuwa juu na moja chini, na bati litatobolewa, na asipotaka atafute fundi mwingine na Ijumaa ndiyo hiyo inakuja. Alizunguka uani mara tatu, mikono nyuma.

"Lakini nani awe juu?" aliuliza tena, sasa kwa unyonge.

"Sitakwambia. Ukijua utaanza kuteseka. Mimi nitafunga kabati na wewe hutafungua."

Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyebanwa, akasema, "Haya."

Nilifanya kazi Jumatano na Alhamisi. Nilikata krosi yote kwa msumeno, nikatia tii mbili, viungo vya njia tatu, moja imepanda na nyingine imeshuka kiasi cha shibiri, kila moja na mtego wake, ile kona iliyopinda inayobakiza maji kidogo ili harufu isirudi ndani. Nilitoboa bati, nikapandisha paipu ya hewa, nikaizungushia lami ili mvua isipenye, na juu nikatia wavu kuzuia popo. Jua la Kibiti juu ya bati jipya sina haja ya kulielezea. Nilishuka kwenye ngazi, nikanywa maji ya mtungini kata tatu mfululizo, nikafikiri kwamba labda nimefika umri wa kuuza majembe dukani, nimekaa kwenye kigoda.

Jioni ya Alhamisi tukajaribu. Bluu upande huu, upande ule mkavu. Tukageuza: bluu upande ule, huku hata tone. Tukafungulia yote mawili pamoja, yakashuka bila kukoroma. Bi mdogo alipiga vigelegele, akajiziba mdomo. Bi mkubwa alikuja, akatazama sinki lake jeupe, akaingiza kidole kwenye tundu na kukitoa.

"Haitarudi tena?" aliuliza.

"Haitarudi, bi mkubwa. Hata ukiniita baada ya miaka kumi."

"Miaka kumi," alisema.

Nilidhani bado ana kinyongo na mimi. Ana haki, nilijiambia, ni wiki ngapi ananawa uchafu wa watu.

Ijumaa kaka zake walifika kwa pikipiki moja, kanzu zimepandishwa magotini. Walikuwa wazee wa Kimatumbi, watu wa asili ya milimani kule kusini, ambao mababu zao waliteremkia huku bondeni baada ya Vita vya Maji Maji. Tuliketi kwenye mkeka barazani: wao wawili, mume, na mimi. Bi mkubwa aliketi ndani ya mlango, upande wa kivulini, tunaona kanga yake na vidole vya miguu tu. Bi mdogo alikuwa jikoni. Harufu ya pilau inatufikia.

Yule kaka mkubwa hakuzungusha maneno.

"Bwana fundi, sisi tumeitwa kwa neno zito. Dada yetu anasema anadhalilishwa. Nataka jibu moja. Ni paipu au ni mtu?"

"Ni paipu, mzee wangu. Na paipu niliifunga mimi."

Akatikisa kichwa. "Babu zetu waliambiwa maji yatageuza risasi, wakaamini, wakaisha. Leo mimi tena niamini kwamba maji ndiyo yenye makosa?"

Mdogo wake akacheka, mume akacheka kwa woga. Mimi nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimeibeba ile krosi niliyoikata, imebaki na vipande vya paipu pande zote. Niliishika sawasawa kama ilivyokuwa ukutani, kifuniko juu, mikono kushoto na kulia, nikamwomba mume amimine birika la maji upande mmoja kwa nguvu. Maji yaliingia, yakavuka, yakatokea upande wa pili na kumwagikia kanzu ya kaka mkubwa hadi tumboni.

Hapo baraza yote ilicheka, na yeye mwenyewe alicheka kuliko wote. Aliichukua ile krosi, akachungulia tundu moja na kuniona kwa tundu jingine, akampa mdogo wake naye achungulie.

"Ulijua haifai?" aliniuliza.

"Nilijua."

"Kwa nini ukaiweka?"

"Nilichoka. Na mwenye nyumba alitaka pande zote ziwe sawa."

"Kosa lako ni kubwa," alisema, "lakini umelibeba mwenyewe, hukumtwika mtoto wa watu. Mungu akulipe." Kisha akageukia mlangoni. "Dada, umesikia?"

"Nimesikia, kaka."

"Una neno jingine? Anakunyima chakula? Anakupiga? Zamu yako anaila?"

Vidole vya miguu vikajikunja chini ya kanga. Mume alikuwa anatazama mkeka.

"Sina," alisema bi mkubwa.

"Basi tumshukuru Mungu. Msameheane na mwenzako. Leteni chakula."

Tulikula pilau. Kaka mdogo aliniuliza kama naweza kwenda Mtunda kumtazamia bomba la msikiti. Mume alinipa mnofu mkubwa kutoka upande wake wa sinia, mara mbili. Sikumbuki siku niliyosema kweli ya aibu hivyo mbele ya watu na kujisikia mwepesi vile. Hata magoti yalitulia. Saa kumi pikipiki iliwashwa, wale wazee wakapanda na kanzu zao, moja bado imelowa, na mume akawasindikiza hadi barabarani kwa miguu.

Nilikuwa nakusanya vifaa vyangu ukumbini pale bi mkubwa aliponiita.

"Kaka, njoo na koleo lako."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kaka. Alikuwa amesimama nje ya mlango wa chumba chake, na miguuni pake kuna sanduku la bati, lile la zamani lenye maua ya kuchorwa, limezungushiwa kamba ya manila mara nne. Kifundo chake kilikuwa kimekazwa hasa.

"N'likikaza kisifunguke njiani, juu ya pikipiki," alisema. "Sasa vidole vinaniuma. Na sitaki kumwomba mume wangu."

Nikachuchumaa. Nikasema pole, nikasema namshukuru Mungu mambo yameisha vizuri.

"N'lijua si yeye," alisema.

Nikasimamisha mkono.

"Yule mtoto hana ubaya. Wiki ya kwanza tu n'lijua ni paipu. N'lifungua kabati nikaona mwenyewe." Alikuwa anaongea taratibu, kana kwamba ananielekeza duka lilipo. "Miaka hiyo yote nimetafuta neno la kuwapelekea kaka zangu. Ukiwaambia nimechoka wanakuuliza, umechoka nini? Anakulisha, anakuvisha, hakupigi, zamu yako anatimiza. Kweli tupu. Huna la kujibu. Unarudi ndani unapika. Halafu Mungu akanipa yale maji. Kila mtu angeyaelewa yale maji. Hata mume wangu aliyaelewa."

Sikuweza kumtazama. Koleo lilikuwa linateleza kwenye ile kamba kwa jasho la mkono wangu.

"Ulipokuja Jumanne," aliendelea, "n'lisema moyoni, huyu ni mzee, amechoka, labda litamshinda. Lisingeweza kukushinda, kaka? Siku tatu tu?"

Nilitaka kumwambia mambo mengi. Kwamba sikujua. Kwamba ningeuliza. Lakini nisingeuliza. Nani angeuliza? Nilijichukia, na wakati huohuo sikuona ningefanya nini tofauti, nilale chini ya kabati la watu na kudanganya kuhusu tii mbili.

"Nisamehe, bi mkubwa," nilisema.

"Fungua tu."

Kifundo kilifunguka. Alikunja ile kamba vizuri, mkono kwa kiwiko, akaining'iniza kwenye msumari. Akainua mfuniko wa sanduku. Ndani kulikuwa na kanga zilizokunjwa jozi jozi, na msahafu umeviringishwa kitambaa, na sufuria moja ndogo. Nje tulimsikia mume amerudi, anamwita bi mdogo alete kahawa, sauti imechangamka. Bi mkubwa aliitoa kwanza ile sufuria, akaipangusa kwa ncha ya kanga, akanipa.

"Ukipita jikoni niwekee," alisema. "Kesho zamu ya kupika ni yangu."